Damu ya Namba Kumi na Saba

Sabiha alikwenda Dar es Salaam kuchukua vidonge vya mama yake, akarudi navyo, lakini akaacha damu yake kule. Hakukusudia. Watu wa mtaa wao pale Bagamoyo wamelisimulia jambo hili kila mmoja kwa namna yake, na wengi kwa namna mbaya, kwa hiyo ni afadhali lisemwe kama lilivyokuwa.

Mama yake, Bi Batuli, alikuwa amekaa eda. Mumewe, Mzee Mikdad, alifariki siku ya Jumanne saa tano asubuhi, moyo ulisimama tu, na saa hiyo hiyo mkewe alikuwa Dar es Salaam kwenye kiti cha kliniki, amepandisha mkono wa baibui anatolewa damu. Aliyemtia marehemu maji ya mwisho mdomoni ni dada yake, Bi Zuwena. Na Bi Zuwena si mtu wa kumeza neno. Siku ya tatu ya msiba, wanawake wamejaa uani, alisema bila kumtazama mtu, "Kaka yangu amekufa mke yuko mjini kwa mambo yake." Bi Batuli aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya pazia. Hapo hapo akaweka nia kwamba hatavuka kizingiti cha nyumba ile mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, liwalo na liwe.

Mambo yake ya mjini yalikuwa saratani ya damu. Aliijua yeye, mumewe na binti yao, basi. Majirani waliambiwa ni presha. Nyumba yenye saratani watu huja kuitazama kabla mgonjwa hajafa, halafu wakitoka wanaulizana kama ugonjwa unarithiwa, na Sabiha alikuwa amekwisha kurudi nyumbani na talaka moja. Mzee Mikdad ndiye aliyesema siri ikae ndani. Ikakaa.

Dawa aliyokuwa akinywa Bi Batuli haikuwa ya kununua dukani. Ilikuwa ya utafiti, watu thelathini tu, kila mmoja na namba yake. Yeye alikuwa kumi na saba. Daktari Rehani alimweleza siku ya kwanza kwa subira, kwamba kila seli ya mwili ina maagizo yote, ya jicho na ya kucha, ila kila moja husoma yake na mengine huwa yamefungwa. Katika damu yake Bi Batuli kulikuwa na jeni ambayo kazi yake ni kuziambia seli basi, inatosha, acheni kuzaana. Jeni hiyo haikupotea wala haikuvunjika. Ilikuwa imefungwa isisomeke, na dawa ilikuwa inajaribu kuifungua. "Kama msahafu uliofungwa kwenye kitambaa ukasahauliwa juu ya kabati," alisema Bi Batuli, na daktari akamwambia hata yeye hajawahi kulieleza vizuri hivyo. Sharti lilikuwa moja kubwa: tarehe ya kila mwezi isikoswe. Ukikosa, unaondolewa.

Ndiyo maana Sabiha alikwenda, siku ya ishirini na nane ya eda. Alijifunika uso kama mama yake alivyozoea kujifunika, ili asije akaonwa na mtu wa Bagamoyo kwenye kile kibaraza kilichoandikwa ukutani saratani. Alipotoa kadi ya mama yake, muuguzi aliyeitwa Mgeni alimshika mkono akamkalisha.

"Kumi na saba, Bi Batuli, karibu. Dokta hayupo leo, yuko mkutanoni, ni damu na dawa tu." Alishaanza kufunga mpira mkononi. "Maashallah, ngozi imenawiri. Hii dawa imekukubali."

Sabiha alifungua mdomo aseme. Akafikiri: nikisema, ataniuliza mwenyewe yuko wapi, nami nitajibu nini? Watasema amekosa tarehe, wamwondoe. Sindano ikaingia. Chupa tatu zilijaa damu ya mwanamke wa miaka ishirini na saba ambaye hajawahi kulazwa hata kwa malaria. Kisha akatia sahihi ya mama yake mara mbili, mara moja kwa vidonge na mara moja kwa nauli ambayo kliniki hurudisha, akatoka. Nyumbani alisema, "Wamenipa dawa, mama." Hakusema zaidi, na Bi Batuli hakuuliza.

*

Wiki mbili zilipita. Simu ililia Alhamisi baada ya alasiri, Bi Zuwena akiwa uani anachagua mchele. Alikuwa amehamia pale kumwangalia kizuka, yaani mjane aliye edani, au kumlinda, inategemea unamuuliza nani. Katika mambo aliyoyapiga marufuku ni Bi Batuli kuzungumza na mwanamume asiye wake, hata kwenye simu. Kwa hiyo simu ilikuwa kwa Sabiha.

"Ni daktari," Sabiha alinong'ona.

"Weka sauti nami nisikie," alisema mama yake.

"Bi Batuli yupo karibu?" aliuliza Daktari Rehani.

"Yupo, daktari. Anakusikia."

"Basi asikie vizuri. Majibu ya damu yake ya mara ya mwisho yametoka. Tumeipima mara mbili maana tulidhani mashine imekosea. Ile jeni imefunguka, yote. Zile seli mbaya hatuzioni. Katika watu wote thelathini hatujapata majibu kama haya, nakwambia ukweli, jana sikulala. Tarehe kumi na tisa aje tupime tena. Yakirudi haya haya, tutafikiria kumsimamishia dawa."

Sabiha alitaka kusema hapo hapo, simu ingali mkononi. Alipogeuka alimkuta mama yake amesujudu juu ya mkeka, mgongo unatetemeka kwa kilio. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa na rangi ambayo Sabiha hakuiona tangu baba yake alipofariki.

"Ile damu niliyotoa siku ile," alisema Bi Batuli. "Unasikia, Sabiha? Siku ile aliyokufa baba yako. Kumbe saa ile nilikuwa ninapona. Sikumwacha bure."

Simu ilikuwa imekatika zamani.

"Alhamdulillahi, mama," alisema Sabiha.

Jioni ile Bi Batuli alikula wali sahani nzima na akaomba samaki aongezwe. Na kesho yake, alipoletewa vidonge na maji, alivisukuma pembeni. Vilikuwa vikimchafua tumbo kila siku kwa miezi minane. "Daktari amesema atanisimamishia," alisema huku anacheka. "Nimejisimamishia mwenyewe nimpunguzie kazi."

Sabiha alimwambia asubiri tarehe. Alimwambia mara tatu, kwa sauti ya mtu asiye na haki ya kusema. Mama alimtania kwamba amekuwa muuguzi.

Katika siku zilizofuata hapakuwa na mtu mpweke Bagamoyo nzima kama binti huyu. Kazini kwake, dukani anapopiga chapa na kutoa fotokopi, alikuwa akiandikia watu barua zao za shida, na hakuwa na mtu wa kumwambia yake. Angemwambia baba yake, lakini baba yake ndiye aliyekufa. Alimpigia daktari mara tatu. Kila akisikia "haloo" alikata. Aliogopa mama yake ataondolewa kwenye utafiti. Lakini hofu kubwa kuliko hiyo ilikuwa ile sijda. Angeanzaje kumnyanyua mtu kutoka pale na kumwambia amesujudia damu ya mwingine?

*

Siku ya tisa tangu aache vidonge, Bi Batuli alitema mate ya damu alipopiga mswaki. Madoa ya bluu yalimtoka mikononi, mapana, bila kujigonga popote. Alianza kuswali amekaa.

"Ni huzuni tu," alisema. "Eda inachosha. Nikitoka edani nitarudi sawa."

Sabiha akafanya alichoona kinawezekana. Alisaga vidonge kwa mgongo wa kijiko akavitia kwenye uji wa mchele, akaongeza sukari na iliki mpaka uji ukanukia nyumba nzima. Siku ya kwanza mama alikunywa nusu. Siku ya pili alisema iliki zimezidi. Siku ya tatu aliweka kijiko chini.

"Huu uchungu naujua," alisema Bi Batuli. "Nimeumeza miezi minane. Umenitilia dawa."

"Ndiyo, mama."

"Mimi si nimepona?"

Sabiha alikaa chini pale mlangoni, akamweleza yote: muuguzi, mpira, chupa tatu, sahihi. Alisema haraka, bila kuinua macho. Alipomaliza, Bi Zuwena alikuwa uani akimfukuza kuku.

"Kwa hiyo ile damu ni yako," alisema Bi Batuli.

"Yangu."

"Na yangu? Ile niliyotoa siku aliyokufa baba yako, ilisemaje?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyeniambia."

Bi Batuli aliutazama uji mpaka ukafanya utando juu. "Ungesema pale pale. Simu haijakatika ungesema."

"Ulikuwa umesujudu."

"Ungeninyanyua!" Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na sauti ile ilimuumiza kifua akakohoa. "Ningelia siku moja nikanyamaza. Sasa umeniacha nimeshukuru karibu wiki mbili. Nimemwambia na marehemu, kila baada ya swala nimemwambia, usinilaumu, nilikuwa ninapona."

Sabiha alimsogelea amshike miguu. Mama aliikunja miguu ndani ya kanga.

"Kesho ni tarehe kumi na tisa," alisema baadaye. "Nitakwenda mwenyewe."

*

Asubuhi Bi Zuwena aliwakuta sebuleni wamevaa. Alisimama mlangoni na mikono yake mipana, akaujaza.

"Unakwenda wapi, wifi? Hata miezi miwili haijatimia. Kaka yangu hata udongo wake haujakauka."

"Ninakwenda hospitali."

"Presha hata hapa zahanati wanapima. Naweza kumwita mtu aje nyumbani."

"Si presha," alisema Bi Batuli. "Nina saratani ya damu, wifi. Mwaka huu wote ninayo. Siku ile sikuwa kwenye mambo yangu. Nilikuwa kwenye dawa."

Bi Zuwena alishusha mikono.

"Kaka alijua?"

"Alijua. Asubuhi ile nilimwambia siendi, umeamka vibaya. Akasema nenda, tarehe isikupite."

Bi Zuwena aliondoka mlangoni akakaa kwenye kiti. "Ruhusa ipo," alisema kwa sauti ndogo. "Mgonjwa aliye edani anatoka mchana kwa tabibu akarudi. Hakuna asiyelijua hilo. Mngeniuliza tu."

"Ningekuuliza vipi, bila kukwambia ninaumwa nini?"

Hivyo ndivyo mambo ya nyumba ile yalivyokuwa: ruhusa ilikuwepo siku zote, hapo uani, kwa mwanamke anayechagua mchele, na waliikosa kwa kuficha kile ambacho ingetolewa kwa ajili yake.

*

Daktari Rehani aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha alivua miwani akaiweka mezani taratibu, na ikaonekana kuwa ni kijana kuliko walivyodhani.

"Nimeyaandika majibu yale," alimwambia Sabiha. "Nimewapelekea wenzangu wa nje. Nimesimama mbele ya watu nikayasema. Kuna wagonjwa wawili waliotaka kuacha dawa, nikawaambia vumilieni, yuko mwenzenu imemfungukia."

"Nisamehe, daktari."

"Si mimi wa kuombwa." Alimgeukia Bi Batuli. "Na sisi tumekosa. Tulitazama kadi, hatukumtazama mtu. Kanuni inasema nikuondoe. Nitaandika ukweli wote, kamati itaamua. Leo utatoa damu yako mwenyewe."

"Nina swali moja," alisema Bi Batuli. "Ile damu ya mwezi wa kabla, niliyoitoa mimi, ilisemaje?"

Daktari alifungua faili, akafuata mistari kwa kidole. "Katika kila seli mia, jeni ilikuwa imefunguka kwenye kumi na mbili. Mwezi wa nyuma yake zilikuwa nne. Siyo maajabu, lakini ilikuwa inafunguka."

"Ilikuwa inafunguka," alirudia Bi Batuli, akaanza kulia kimya kimya, machozi yakilowesha kitambaa cha uso. Zilikuwa kumi na mbili tu, na hazikutosha kumponya mtu. Lakini hizo zilikuwa zake, na zilikuwa za siku ile. "Na sasa, baada ya kuacha?"

"Dawa hii ukiiacha, jeni inajifunga tena. Kwa wengine polepole, kwa wengine upesi. Tutajua baada ya wiki mbili. Na kuanzia leo majibu nitakupa wewe mwenyewe, hatasikia mwingine." Hakumtazama Sabiha aliposema hivyo. "Wewe binti, subiri nje."

Nje kwenye benchi kulikuwa na wagonjwa watano. Mama mmoja mwembamba wa Kiwangwa, aliyebeba mkoba uliojaa nguo kana kwamba amekuja kulazwa, aliiona kadi mkononi mwa Sabiha, akashtuka kwa furaha.

"Hee! Ndiwe kumi na saba? Tumesikia habari zako. Mimi nilishasema siji tena, matapishi haya siyawezi, ndipo dokta akaniambia juu yako. Hebu nikae karibu yako. Umefanyaje, mwenzetu? Ulikuwa unakula nini?"

Wenzake wakasogea. Mzee mmoja aliinuka amwachie Sabiha nafasi nzuri, karibu na feni. Sabiha alisimama katikati yao, akafunua uso ili wamwone umri wake.

"Si mimi," alisema. "Kumi na saba ni mama yangu, yuko ndani. Damu ile niliitoa mimi kwa makosa. Mimi siumwi."

Mama wa Kiwangwa alimtazama ngozi, macho, mikono. "Kwa hiyo hakuna aliyepona," alisema.

"Hakuna."

Hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Mzee alirudi kukaa mahali pake, na mama wa Kiwangwa akauweka mkoba wake kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando yake. Sabiha alisubiri amesimama, karibu na ngazi, kwa saa nzima na zaidi.

*

Wiki mbili zile Bi Batuli alimeza vidonge bila kukumbushwa. Alizungumza na binti yake mambo ya chumvi na mkaa tu. Bi Zuwena alikuwa mpole mno, akimpepea wifi yake kwa kawa ya kufunikia chakula mchana kutwa, na upole huo ulikuwa mzito kukaa nao kuliko ukali wake wa zamani. Sabiha alipika, akafua, akaenda kazini, akarudi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita.

Simu ilipolia, Bi Batuli alinyoosha mkono akaichukua mwenyewe. Aliingia chumbani akafunga mlango kwa komeo. Sabiha alisimama nje ya mlango, akisikia "Ndiyo, daktari. Ndiyo. Nimekusikia."

Daktari alikuwa anamwambia kwamba kamati imemruhusu aendelee kupewa dawa, ingawa hatahesabiwa tena katika wale thelathini. Kisha akamwambia kuhusu damu. Katika seli mia, hakuna hata moja iliyofunguka. Amerudi pale alipoanza, na seli mbaya zimezidi zile za mwanzo. Aanze upya, alisema daktari, wapo waliofunguka mara ya pili. Alipoulizwa wangapi, alisema wachache. Bi Batuli aliuliza wachache ni wangapi. Akajibiwa mmoja.

Alimshukuru, akakaa kitandani upande uliokuwa wa mumewe. Alifikiria asubuhi ile ya Jumanne, na maneno ya uani yaliyomfuata mpaka ndani ya usingizi wake. Alijua inavyokuwa mtu kuishi na lawama ya siku moja tu maisha yake yote. Sabiha alikuwa na miaka ishirini na saba.

Akafungua mlango.

"Amesemaje, mama?"

"Amesema kumi na mbili zimebaki pale pale," alisema Bi Batuli. "Haikuharibika kitu."

Sabiha alimtazama usoni, akatafuta. Alitaka kumwambia aape, alitaka kuichukua simu ampigie daktari. Lakini yeye ni nani wa kumdai mtu ukweli? Mama yake alikuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mkono mmoja ameshika fremu ya mlango asianguke.

"Alhamdulillahi," alisema Sabiha.

"Alhamdulillahi. Niletee maji ninywe dawa."

Alileta maji kwa mikono miwili. Mama yake alimeza, akamrudishia kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu ule uji akamshika shavu. Sabiha hakuuliza tena kuhusu damu, siku hiyo wala siku nyingine.